Mkuki kwa Froome Mtamu, kwa Chepng'etich Mchungu

Posti jina la Chris Froome kwenye ukurasa wowote wa Wakenya, halafu kaa usome komenti. Wa kwanza atasema, "Huyo ni wetu, alizaliwa Nairobi." Wa pili, "Wetu wapi? Si alihamia Uingereza." Wa tatu, na huyu hakosi, "Huyo alikuwa anatumia dawa, wazungu wakamfunika."

Sasa posti jina la Ruth Chepng'etich. Watu ni wale wale, lakini wimbo umegeuka: "Wazungu wanatuonea. Hawapendi kuona Mkenya akishinda."

Wasee, tuna mizani mbili. Moja ya jirani, moja ya mtoto wetu. Na kabla mtu aniambie nimetumwa kumtetea mzungu, nisome mpaka mwisho, juu hii mizani mbili haimuumizi Froome hata kidogo. Yeye ashakula hela zake. Inaumiza mtoto wa Kenya anayeamka saa kumi na moja asubuhi kufanya mazoezi.

Kwa wale walikuwa wadogo: Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Mbio za baiskeli alifunzwa na David Kinjah pale Mai-a-Ihii, Kikuyu. Ukitoka Kawangware na baiskeli, unapita Uthiru, unapanda Kinoo, unafika. Sio mbali. Mwaka 2006 aliwakilisha Kenya kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Mwaka huo huo, ili aingie mashindano ya dunia, alijisajili mwenyewe kwa kutumia barua pepe ya mkubwa wa chama cha baiskeli cha Kenya. Hiyo hila ameisimulia mwenyewe. Mwaka 2008 akabadilisha leseni, akawa Mwingereza. Akashinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Maneno ya dawa yalimfuata kutoka mwanzo. Tour ya 2015, mtu alisimama kando ya barabara akamrushia mkojo, akimwita mtumia dawa. Wakati huo hakukuwa na kipimo hata kimoja kibaya chenye jina lake. Huo ni umati, na sisi tunaokaa mtaani tunajua vizuri umati hufanya nini mtu mmoja akipiga kelele "mwizi!"

Lakini kesi ya kweli ilikuja baadaye, na tuiangalie bila mapenzi.

Tarehe 7 Septemba 2017, akiwa kwenye Vuelta, mbio za Hispania ambazo alizishinda, mkojo wake ulipatikana na salbutamol nanogramu 2,000 kwa kila mililita. Kikomo ni 1,000. Ukisoma hapo tu, unasema mwizi kashikwa.

Sasa salbutamol ni nini? Ni ile dawa ya pumu, ile pampu ya bluu. Kwa mitaa yetu, na moshi wa jiko na vumbi na moto wa takataka, watoto wengi wanaijua kuliko wanavyojua tamu za dukani. Haijakatazwa kabisa. Mwanamichezo anaruhusiwa kuivuta, lakini kwa kipimo: jumla ya mivuto 16 kwa saa 24. Kwa hivyo swali la kesi ya Froome halikuwa "aliitumia au hakuitumia?" Kila mtu alijua ana pumu. Swali lilikuwa: je, alizidisha?

Na hapo ndipo sayansi inaleta shida. Mkojo wa mtu aliyeendesha baiskeli milimani kwa wiki karibu tatu, mwili umekauka, unakuwa mzito. Dawa ile ile inaonekana nyingi zaidi. Waliposahihisha uzito huo, nambari ilishuka kutoka 2,000 hadi 1,429. Bado iko juu ya kikomo, lakini sio ule mlima tuliouona kwanza. Mnamo 2 Julai 2018, chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikafunga faili baada ya shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA, kukubali kwamba kipimo kile kinaweza kutoka kwa mtu aliyetumia kiwango kilichoruhusiwa.

Hiyo ndiyo karatasi. Kisheria, Froome hakupatikana na kosa. Full stop.

Lakini mimi si wakili wake, kwa hivyo niweke pia upande wa pili, juu uko na uzito.

Moja. Mwitaliano Diego Ulissi alipatikana na dawa hiyo hiyo mwaka 2014, nanogramu 1,900. Alifungiwa miezi 9. Kipimo kinakaribiana, mwisho ni tofauti kabisa.

Mbili. Froome aliambiwa matokeo yake Septemba 2017, lakini dunia ilijua Desemba, tena kwa sababu magazeti yalifichua. Sheria ya dawa ya aina hiyo ilimruhusu kuendelea kushindana, na Mei 2018, kesi ikiwa bado wazi, akashinda Giro d'Italia kwa kutoroka peke yake kilomita 80. Watu wakaona hiyo na wakacheka. Siwalaumu.

Tatu. Nyumba aliyokuwa anaishi haikuwa safi. Richard Freeman, aliyekuwa daktari wa timu yake ya Sky, alipatikana mwaka 2021 na hatia ya kuagiza testosterone mwaka 2011 akijua au akiamini ni ya mwanamichezo. Jina la mwanamichezo huyo halikuwahi kutajwa. Kwa hivyo huwezi kumbandika Froome, lakini pia huwezi kuniambia nisiulize.

Nne. Lance Armstrong. Huyo alituharibia imani wote. Miaka mingi aliimba kwamba amepimwa mara mamia na hajawahi kushikwa, halafu mwaka 2012 akanyang'anywa Tour zote 7. Tangu hapo, "sijawahi kushikwa" si ushahidi wa usafi. Lakini angalia kilichomwangusha: si komenti, si sura yake, si kasi yake. Ni watu 26 waliotoa ushahidi, wakiwemo wenzake 11 wa timu. Mashahidi. Nyaraka. Malipo.

Kwa hivyo ukiniuliza kuhusu Froome, jibu langu ni hili: hakuna ushahidi wa kumuita mwizi, na kuna sababu za kutosha za kuuliza maswali magumu. Hayo mawili yanakaa kwa nyumba moja bila kupigana. Anayetaka jibu la "ndio" au "la" kwa herufi kubwa, anataka vita, hataki ukweli.

Sasa geuza shingo, tuangalie nyumbani.

Oktoba 2024, Ruth Chepng'etich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56. Mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2:10, na alivunja rekodi ya dunia kwa karibu dakika 2. Baada ya mbio, mwandishi mmoja wa Marekani akamuuliza kuhusu dawa: atawaambia nini watu watakaosema muda huo hauaminiki? Manze, Kenya ilichemka. Mwandishi akatukanwa kutoka Eldoret mpaka Kamukunji ya Kibera. Wengi waliokasirika siku hiyo ni wale wale ambao kwao Froome akipanda mlima haraka ni lazima amekunywa kitu.

Machi 2025, mkojo wa Ruth ulipatikana na hydrochlorothiazide. Hiyo ni dawa ya presha, nyanya yako anaweza kuwa nayo kwa pochi sasa hivi. Michezoni imekatazwa kwa sababu inaongeza mkojo na inaweza kuficha dawa zingine. Kiwango kilikuwa nanogramu 3,800. Maabara huripoti kuanzia 20. Piga hesabu: mara 190. Kwanza alisema hajui ilitoka wapi. Baadaye akasema alikunywa dawa ya msaidizi wake wa nyumbani. Wachunguzi hawakuamini, na Oktoba 2025 akakubali makosa, akafungiwa miaka 3.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Kelele zilizojaa Oktoba 2024 zilienda wapi Oktoba 2025? Ama zilinyamaza, ama zikageuka kuwa "tumeonewa." Buda, mtu mwenyewe amekubali!

Na tusiteleze upande wa pili pia. Rekodi ya Chicago bado ni yake, kwa sababu kipimo kibaya kilikuja miezi 5 baadaye. Wachunguzi walisema wataendelea kufuatilia mambo waliyoyakuta kwenye simu yake. Mpaka watoke na kitu, mbio zile za Chicago ziko mahali zile Tour za Froome ziko: maswali yanaruhusiwa, hukumu bado. Hiyo ndiyo maana ya mizani moja.

Sasa nifike kwa kitu kinachoniudhi kweli, na ambacho hatuzungumzii juu tumeshughulika na rangi ya ngozi.

Timu ya Froome ilikuwa na bajeti ya zaidi ya pauni milioni 30 kwa mwaka. Kipimo kilipokuja, alikuwa na mawakili wa michezo, alikuwa na wanasayansi wa kuchambua mkojo wake tone kwa tone, na alikuwa na miezi zaidi ya 9 ya kujitetea akiendelea kulipwa. Alitumia haki yake, na sitamlaumu mtu kwa kutumia haki yake. Lakini utetezi ule ulikuwa na bei.

Mkimbiaji wa kawaida wa Iten, yule ambaye hajashinda Chicago, anapata nini? Anapata barua iliyojaa Kiingereza cha mawakili. Sheria ya michezo inasema kila kitu kilichoko mwilini mwako ni mzigo wako; wewe ndiye utaeleza kiliingiaje. Utaelezaje na hujui hata neno lililoandikwa hapo? Meneja amezima simu. Kambi imekukana. Unakubali kosa ili ipungue.

Mtu wa Raila au Kawangware haitaji kuelezewa hii. Tunajua msee anayeshikwa usiku akitoka kazi, anafikishwa kortini asubuhi bila wakili, anasema "ni kweli" ili alipe faini arudi nyumbani. Alifanya? Hakufanya? Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mwenye wakili anapata kesi, asiye na wakili anapata hukumu.

Kumbuka Asbel Kiprop, bingwa wa dunia mara 3 wa mita 1,500. Alipatikana na EPO kwa kipimo cha Novemba 2017. Wachunguzi wenyewe walikiri kwamba alipewa taarifa kabla ya kupimwa, jambo ambalo haliruhusiwi. Mwishowe utetezi wake ulikataliwa, akafungiwa miaka 4. Sisemi alikuwa safi. Nasema hata yeye, na jina lote lile, alikuwa anapigana karibu peke yake, huku sisi tukiwa tumegawanyika kati ya "ameonewa" na "mwizi huyo," bila mtu kusoma faili.

Kwa hivyo hasira tunayo, tuipeleke mahali inafaa. Mwaka 2022, Kenya ilipokuwa karibu kufungiwa riadha nzima, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 kupambana na dawa. Safi. Basi sehemu ya hizo pesa ilipe wakili na mtaalamu wa maabara kwa kila mwanamichezo asiyejiweza anayetuhumiwa, kuanzia siku ile barua inafika. Mwenye kosa ataanguka hata akiwa na wakili, kama alivyoanguka Armstrong na mamilioni yake. Lakini asiye na kosa atakuwa na mtu wa kusimama naye. Na wale madaktari na wauzaji wa kemisti wanaochoma vijana sindano halafu wanapotea, wafuatwe wao kwanza. Mkimbiaji anafungiwa miaka, anayemuuzia anafungua duka kesho yake.

Kuna vijana wanapanda Ngong Road na baiskeli alfajiri, kofia moja wakigawana watu wawili, wakiota Ufaransa. Siku mmoja wao atafika, maana lazima afike, ataanza kushinda. Na siku ile ile dunia itauliza: anatumia nini? Kama tumeshafunza dunia kwamba sisi tunatetea chochote chenye bendera yetu, nani atatuamini tukisema huyu ni safi?

Komenti ziko wazi. Ukija kusema Froome ni mwizi, kuja na karatasi. Ukija kusema Ruth alionewa, kuja na karatasi. Ukija na bendera peke yake, hiyo rudi nayo nyumbani.