MFICHA MARADHI

Tarehe 2 Julai, 2008, kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kwamba imetenga baina ya dola milioni 150 na milioni 200 kulipia matengenezo ya kompyuta za mkononi zilizokuwa zikiharibika kupita kawaida. Kesho yake hisa zake zilipoteza takriban thuluthi moja ya thamani. Miaka mingi imepita tangu siku hiyo, lakini somo lake lingali bichi, hasa kwetu tuishio visiwani, ambako joto halituhurumii na kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo zingali zikinunuliwa.

Ugonjwa ulikuwa ndani ya chipu ya michoro, yaani kile kipande kinachotayarisha picha za kwenye kioo. Chipu hiyo hushikizwa juu ya kibao chake kwa vinundu vidogo mno vya lehemu, na katikati hutiwa gundi maalumu ya kuvihami vinundu hivyo. Mashine ikiwaka, chipu hupata moto na kutanuka. Ikizimwa, hupoa na kusinyaa. Chipu na kibao chake havitanuki kwa kadiri moja. Gundi ikilegea kwa joto, mzigo wote huvielemea vinundu, navyo hupata nyufa kidogo kidogo. Hatimaye kioo hujaa mistari, au huwa cheusi moja kwa moja. Nvidia yenyewe ilikiri kwamba vifaa vya kufungia chipu hizo vilikuwa dhaifu, ingawa ilitaja pia namna kompyuta zilivyoundwa na zinavyotumiwa.

Je, mnunuzi alitendewa nini? Dell na HP zilitoa programu mpya za kuongoza feni ili izunguke zaidi. Hiyo haikuwa dawa. Kupunguza joto huchelewesha ufa, hakuuzibi. Dell iliongeza pia miezi 12 ya dhamana. Apple ilieleza Oktoba 2008 kwamba ilihakikishiwa na Nvidia kuwa mashine zake zimesalimika, kumbe uchunguzi wake yenyewe ulionyesha kwamba baadhi ya MacBook Pro zimeathirika. Ikaahidi kuzitengeneza bure kwa miaka miwili tangu kununuliwa, na baadaye ikafanya minne. Mwaka 2010 shauri lililofunguliwa California lilimalizwa kwa mapatano. Lakini mapatano hayo yaliwahusu wanunuzi wa Marekani.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Haki ilipatikana kwa yule aliye karibu na mahakama na mwenye stakabadhi mkononi. Yule aliyeipata mashine ile ile mkono wa pili au wa tatu, ng'ambo ya bahari, hakuwa na mlango wa kubisha. Na iko hila nyingine. Chipu iliyokufa ikipashwa moto mkali na fundi, huweza kufufuka kwa wiki au miezi michache. Muda huo watosha kabisa kuiuza kwa shule au kwa mwananchi asiyejua.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuzijaribu mashine kabla ya kuzipokea. Sisi hatukubaliani nao. Ufa unaokua kwa kuwashwa na kuzimwa mara mamia hauonekani kwa majaribio ya saa moja bandarini. Mjuzi wa kasoro ni mtengenezaji, kwani ndiye anayepokea malalamiko ya maelfu. Kwa hiyo wajibu wa kusema ni wake, na wajibu wa kumbana ni wa Serikali.

Tunawaomba basi wakuu wanaohusika na manunuzi wasitazame bei peke yake. Kila mkataba wa kompyuta utaje aina na mwaka wa mashine, uweke dhamana inayotekelezeka hapa hapa nchini, na umfunge muuzaji kutangaza kasoro inayojulikana. Na mwananchi asitoe fedha pasipo stakabadhi na ahadi ya maandishi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nvidia iliumbuliwa katika soko la hisa. Tukinyamaza, atakayeumbuka kesho ni mwalimu wetu, mbele ya darasa, na kioo cheusi mkononi.