Cheni ya boda, usingoje fundi

Ndugu yangu wa boda pale Ukunda, hebu tuambiane ukweli. Kumlipa fundi akupakie oili tu kwenye cheni ni kutupa pesa. Mchanga wa Diani na chumvi ya bahari havingoji siku ya gereji, vinaitafuna cheni kila siku. Zima injini, sugua kwa brashi na mafuta ya taa, pangusa, tia oili safi kidogo. Ile oili chafu ya injini inanasa mchanga tu. Lakini meno ya sproketi yakichongoka, usijifanye mjuaji: fundi abadilishe zote pamoja na cheni. Usiku unamkimbiza mama mjamzito hospitali ya Msambweni, cheni ikatike njiani, utamwambia nini?