Mahali pa Kusomea Chuoni

Kijana wa Makwasinyi anapoitwa chuoni, nyumba nzima huitwa pamoja naye. Mbuzi huuzwa, pojo hupimwa gunia kwa gunia, na wazee hukaa kitako kuhesabu fedha. Nchi ya Kasigau, iliyo kati ya mbuga mbili za Tsavo, haitoi mavuno kwa urahisi: mvua ni haba, na ndovu wakipita usiku mmoja, shamba la mahindi hubaki uwanja. Baadhi ya vijana wamesaidiwa na basari, zikiwamo zilizotokana na mradi wa kuhifadhi misitu ya Kasigau. Basi karo ikishalipwa, lipo swali ambalo ni nadra kuulizwa katika kikao cha jamaa: mwana huyu atasomea wapi?

Wengi watajibu, "Chumbani mwake." Lakini chumba cha bweni ni cha watu kadhaa: huyu anapika, yule ana wageni, wa tatu amewasha redio. Kitanda nacho si mahali pa kusomea, maana mwili umekizoea kwa usingizi, na kitabu huanguka kifuani kabla ukurasa wa pili haujafunuliwa.

Wengine watasema, "Maktabani." Hilo ni jibu jema, ila halitoshi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua maktaba mpya mwaka 2018, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ni nyumba kubwa kweli kweli. Hata hivyo wanafunzi wa chuo hicho ni wengi kuliko viti vyake mara nyingi. Ikiwa mambo ni hivyo huko, sembuse kwenye vyuo vidogo? Anayengoja majuma ya mitihani ndipo aitafute maktaba, atakuta viti vimekwisha kukaliwa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: mwanafunzi asitafute mahali pamoja, bali achague patatu. Pa kwanza pawe pa kimya, yaani maktaba, kwa mambo mapya na magumu. Pa pili pawe darasa tupu baada ya vipindi. Humo mna ubao, naye aweza kufanya hesabu kwa chaki na kujadiliana na wenzake bila kumuudhi mtu. Pa tatu pawe nje, kivulini, kwa kurudia yale aliyokwisha kuyafahamu.

Mahali hapa hapapatikani kwa kukaa. Katika juma la kwanza atembee chuo chote, asubuhi, mchana na usiku, akitazama penye mwanga wa kutosha na pasipo njia ya wapiga soga. Aangalie pia njia ya kurudi bwenini. Wasichana hasa wachague palipo na taa, na warudi wawili watatu pamoja. Hali ya nchi nayo ifikiriwe. Huko Voi jua la mchana hulifanya paa la bati kuwa tanuri, kwa hiyo alfajiri na jioni ndizo saa za kazi. Huko Ngerenyi, kwenye Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, baridi ya milimani humshangaza mtu wa tambarare, na sweta ni sehemu ya vifaa vya masomo.

Iko faida nyingine ya kubadili mahali. Mwaka 1978 wataalamu watatu wa Marekani, Steven Smith, Arthur Glenberg na Robert Bjork, walieleza jaribio lao. Wanafunzi walijifunza orodha ya maneno mara mbili: wengine katika chumba kile kile, wengine katika vyumba viwili mbalimbali. Walipopimwa wote katika chumba kingine kigeni, wale wa vyumba viwili walikumbuka maneno mengi zaidi. Na mtihani wa chuo, kama tujuavyo, hufanyika katika ukumbi ambao mwanafunzi hakuuchagua.

Jambo hili si geni kwetu. Mtoto aliyesoma darasani, kisha machungani akilinda mbuzi, kisha usiku kwa taa ya koroboi, amekwisha kujifunza kuyachukua masomo yake popote aendapo. Alidhani ni umaskini tu; kumbe alikuwa akipata ufundi. Asiuache langoni mwa chuo.

Nanyi wazazi, mnapompigia simu msimwulize alama peke yake. Mwulizeni, "Wasomea wapi?" Na ajapo likizoni, msimpe jembe tangu alfajiri hadi magharibi. Mtengeeni saa mbili na meza, au mwombeeni kwa mwalimu mkuu darasa moja la jioni. Aliyeuza mbuzi kwa ajili ya kitabu asishindwe kumpatia msomaji wake kiti.