Msitu Mzima, Tembo Hakuna

Imani moja imeota mizizi maofisini, madarasani na redioni: msitu ukiwa bado umesimama, na serikali ikiwa imeutangaza kuwa hifadhi, basi tembo wamo, nao hukaa popote penye matunda na maji. Imani hiyo ni ya uongo. Kila mwaka tunaoikumbatia tunawapoteza tembo huku tukitazama majani mabichi na kuridhika.

Twende Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hifadhi ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 14,000. Watafiti walikadiria idadi ya tembo wake mwaka 1995, kabla ya vita vilivyoikumba nchi hiyo, wakarudi mwaka 2006. Karibu nusu walikuwa wametoweka. Miti ilikuwa ile ile, na mito ile ile. Walipochunguza ni nini kinachoamua tembo wawe wapi, walikuta kwamba shughuli za binadamu zina uzito zaidi kuliko mazingira yenyewe, na ilikuwa hivyo hata kabla ya risasi kuanza kulia. Waliosalia walikuwa wengi zaidi katikati ya hifadhi, penye ulinzi. Kadiri ulivyokaribia mpaka na maeneo yenye pilikapilika za watu, ndivyo walivyokuwa wamepungua zaidi.

Wapo watakaodakia: kama ni hivyo, watu wahamishwe! Hapana. Wambuti na Waefe wamewinda na kurina asali katika msitu huo kizazi baada ya kizazi, na tembo walikuwapo. Kumhesabu mwindaji wa wavu sawa na mchuuzi wa pembe mwenye bunduki ya kivita ni dhuluma, tena ni uvivu wa kufikiri. Kilichobadilisha mambo ni silaha zilizozagaa, soko la pembe, machimbo ya dhahabu yanayotaka nyama ya porini kila siku, na njia ya kupitishia vyote hivyo.

Njia hiyo tuitaje: barabara. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa tembo 28 wa Bonde la Kongo waliovishwa vifaa vya GPS. Nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, ni mmoja tu aliyethubutu kuvuka barabara, na alivuka kwa mwendo mara 14 ya ule wa kawaida. Mmoja wa wanyama wakubwa kabisa wa nchi kavu, anakimbia kama mwizi katika msitu wake mwenyewe! Nayo Hifadhi ya Okapi imepasuliwa na Barabara ya Taifa Namba 4.

Anayedhani tembo hutoweka kwa sababu ya vita tu aitazame Gabon, nchi yenye amani na misitu tele. Hifadhi ya Minkébé ilipoteza takriban tembo 25,000 kati ya mwaka 2004 na 2014, karibu asilimia 80, chini ya miti ambayo haikuguswa. Na si lazima damu imwagike ndipo tembo abadili maisha: hukohuko Gabon, karibu na hifadhi ya Loango, mafuta yalipotafutwa kwa baruti, tembo hawakuhama, ila walizidisha kutembea usiku. Picha ya satelaiti haiwezi kukuonyesha hofu hiyo.

Tena pengo la tembo waliotoweka halizibiki upesi. Jike la tembo wa msituni huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka takriban 23, kisha hukaa mitano au sita kabla ya kuzaa tena.

Basi wizara na wafadhili waache kututajia hekta. Watuonyeshe tembo wamebaki wangapi karibu na barabara, na wangapi karibu na machimbo. Malori yakaguliwe, machimbo yaliyomo ndani ya hifadhi yafungwe, walinzi walipwe kwa wakati, na Wambuti waajiriwe kulinda msitu wanaoujua kuliko sisi sote.