Maharage Tunayauza Mabichi, Twayanunua Yameiva



Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na siku ya soko hapa Illasit nawaona wengi wenu. Mkulima humwuzia mchuuzi magunia yake ya maharage kwa bei anayotajiwa, kisha huvuka barabara, huingia hotelini na kuagiza sahani ya maharage, chapati mbili na chai. Nami nimekula hapo, sijitakasi. Nililipa shilingi 120 na sikushiba. Wakati wa mavuno fedha hizo zakaribia bei ya kilo nzima shambani, na kilo moja ya maharage makavu ikiiva huzidi kilo mbili. Hesabuni wenyewe watu wangapi wangekula.

Wengine wataniambia, "Karani, maharage yala kuni, tena yala wakati." Ni kweli kwa yule ayatiaye jikoni makavu saa kumi na moja jioni, watoto wakilia njaa. Lakini yachagueni na kuyaosha usiku, yaloweke hadi asubuhi, mkamwage maji yale na kutia mengine. Yataiva upesi zaidi. Yakisha kutokota vizuri, si chini ya dakika kumi (hasa haya mekundu, kwani yasipochemka sawasawa hudhuru tumbo), yatokoteni nusu saa nyingine, kisha funikeni sufuria na kuiweka ndani ya kikapu kilichojazwa nyasi kavu au matambara. Joto lile lile litaendelea kuyapika nanyi mko kwenye vitunguu au nyanya. Mkirudi, yachemsheni tena kabla ya kula. Nusu kaangeni kwa mboga ya jioni. Nusu iliyobaki changanyeni na mahindi muwe na githeri ya mchana wa kesho, ila msiile kabla ya kuipasha moto hadi itokote.

Nawaona pia wanaotia magadi ili yalainike. Najua Ziwa Magadi liko katika Kajiado yetu hii, lakini magadi huharibu sehemu ya vitamini iliyomo. Maji na subira yatosha. Tena maharage yaliyokaa muda mrefu katika ghala lenye joto hukataa kuiva. Hayo msiyalaumu mafiga.

Jambo linaloniudhi ni hili: mavuno yakiisha, gunia la mwisho nalo huuzwa. Nyumba inayopika nusu kilo kila siku, gunia la kilo 90 laitosha siku 180. Mwenye kuliuza lote hulinunua tena kwa vikombe dukani, kwa bei ya mwenye duka, na karo ya shule yangoja fedha zile zile.

Nisemapo tupike nyumbani, sisemi mama aongezewe mzigo. Yeye ameamka kabla yenu, amechota maji, amepalilia. Kuloweka maharage hakuhitaji nguvu za mwanamke wala cheti cha ualimu. Bwana aweza kufanya hivyo akisikiliza habari za redio.

Siku hizi naja ofisini na kibakuli changu cha githeri. Juma la kwanza wenzangu walinicheka, wakaniita mwanafunzi. Juma la pili wawili walileta vijiko.