Tunataka Kujua Kilichofuata: Ilani ya Wasomaji wa Riwaya Pendwa

Sisi tunaoanzisha jumuiya hii, ambayo jina lake bado tunaligombania, tumekula chumvi nyingi katika fasihi. Wapo kati yetu walimu, wahariri, na watu waliosomea mambo mengine kabisa lakini hawalali bila kitabu. Tumemsoma Kezilahabi kuanzia Rosa Mistika hadi Nagona na Mzingile, tukabishana usiku kucha juu ya yule mzee ni nani na ile njia inaelekea wapi. Tumesoma Utengano, Nyota ya Rehema, Vuta n'Kuvute. Hatujutii hata ukurasa mmoja, na anayedhani tumekuja kuvichoma vitabu hivyo atafute ilani nyingine.

Tulichokuja kutangaza ni kwamba ukubwani tumeonja raha nyingine na hatuna nia ya kuiacha: raha ya kukesha na kitabu kwa sababu mtu kauawa na hatujui nani kamuua.

Muda wote huo riwaya pendwa tuliijua kwa kusimuliwa. Darasani ilitajwa upesi, mwalimu akitazama saa: hadithi za mapenzi, upelelezi, ujasusi na vitisho, za kuburudisha tu, haya, turudi kwenye dhamira na ujumbe. Mtihani haukuwahi kuuliza msomaji alilala saa ngapi.

Kilichotupindua ni Mzimu wa Watu wa Kale. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar, alishinda nacho shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, na kikatoka kama kitabu mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, watu wana maelezo yao tayari, na maelezo yenyewe yanatisha vya kutosha kumfunga mtu mdomo. Hapo ndipo anapoingia mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake. Hagombani na anayeamini mizimu. Anauliza tu: nani alimwona marehemu mara ya mwisho, nani ananufaika, kwa nini huyu kasema hivi leo na jana alisema vingine. Najum, mwenzake, anatazama yale yale anayoyatazama Bwana Msa lakini hayaoni, nasi tumekaa upande wa Najum, tunajiona werevu mpaka tunapoumbuka.

Wenye kujua watasema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Ni kweli Abdulla aliazima, wala hakuficha. Lakini mazungumzo yale ya Unguja, yenye kejeli ndani ya adabu, ambamo mtu anatukanwa kwa "bwana" na "tafadhali", hakuyaazima London. Na mtu anayeshika hoja badala ya hofu, mbele ya jamii inayomtaka aogope, ana uzito gani zaidi unaotakiwa? Tuliambiwa vitabu hivi ni vyepesi. Vyepesi kusoma, ndiyo. Atakayedhani ni vyepesi kuandika ajaribu kuficha muuaji kwa kurasa mia huku akimpitisha mbele ya macho ya msomaji kila siku.

Basi tunasema hivi: msuko ni ufundi kama ulivyo ufundi wa vina na mizani, na haja ya kujua kilichofuata si utoto. Ndiyo iliyowakalisha wazee wetu wakisikiliza Utenzi wa Ras 'lGhuli, wenye majini na mapanga, na ndiyo inayomfanya mtoto aitikie "Pakawa!" kwa sauti kubwa kuliko alivyoambiwa. Hata Shaaban Robert, ambaye hakuna mtaala unaomwita mwepesi, aliiweka Kusadikika angani, nchi inayoelea, akawatuma wajumbe wake pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini. Na Adili na Nduguze ina majini na wanadamu waliogeuzwa wanyama. Vikitoka leo bila jina lake jaladani, tunajua vingewekwa rafu ipi.

Tunakataa pia dai kwamba riwaya hizi zinaikimbia dunia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Katika Kufa na Kupona (1974), Elvis Musiba anazifanya nyaraka za harakati za ukombozi ziibwe, na jasusi wake, Willy Gamba, anazifuata hadi Nairobi. Msomaji wa wakati ule aliyefungua kitabu ndani ya basi alijua wapigania uhuru ni watu wa kweli, wanaopanga nyumba mitaani kwake. Ben Mtobwa naye alimpeleka mpelelezi wake, Joram Kiango, kupambana na Makaburu wakati Makaburu wenyewe wangalipo madarakani. Huko kama ni kuikimbia dunia, basi ilikimbiwa kwa kuifuata.

Hatutazisafisha. Wanawake wengi katika vitabu vya ujasusi wamewekwa kama samani za hoteli. Nuru wa Mtobwa, mwenzake Joram Kiango, ana akili na ujasiri wake, lakini wenzake wengi hupita wakiwa wamevaa nguo chache na kufa mapema. Zipo risasi zisizoisha na majambazi wanaohutubia badala ya kufyatua. Tutayasema haya kwa sauti, maana kuhakiki ni heshima, na kitabu kisichohakikiwa kimedharauliwa hata kama kinauzika.

Tena kuuzika kwenyewe siku hizi ni kwa bahati. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka mwaka 1965. Leo anayeitaka huishia kwa wauza vitabu vya mitumba, na akiipata huenda jalada limeondoka na kurasa za mwisho zimefungia karanga. Mzingile ukikosa ukurasa wa mwisho, mjadala utaendelea, pengine utanoga. Riwaya ya upelelezi ikikosa ukurasa wa mwisho, umeibiwa. Kwa hiyo tunawadai wachapishaji: rudisheni vitabu hivi madukani, vikiwa kamili, na majina ya watunzi yasomeke. Tunawadai walimu wavifundishe bila kuomba radhi. Waandishi vijana tunawaomba jambo moja tu: mpelelezi wetu wa leo atumie simu ya mkononi, afuatilie miamala, akwame kwenye foleni ya Ubungo, na awe mwanamke mara kwa mara.

Uanachama hauna ada. Tutakutana kila mwezi kusoma kwa sauti, sura mbili mbili, na kukatiza pale penye utamu, kama magazeti yanavyofanya na hadithi zake za "itaendelea". Tutaanza na Mzimu wa Watu wa Kale, kwa kupokezana nakala chache zilizopo. Atakayekutwa anachungulia mwisho atanyang'anywa kitabu, na atakayemtaja muuaji kabla ya wakati atalipia chai na vitumbua vya wote, akiwamo mwenyekiti, ambaye anakula sana.