Usiuze ng'ombe ununue Hasselblad

Wiki hii rafiki yangu, mwandishi mwenzangu, kaniuliza anunue kamera gani ya mkanda mpana, ule wa namba 120, kwa safari ya kuja huku Tarime na Serengeti. Mfukoni ana laki chache, lakini roho yake iko kwenye Hasselblad, ile ya Uswidi iliyokwenda mwezini mwaka 1969. Nikamwambia: ndugu yangu, usiuze ng'ombe.

Kwanza tuelewane kwa nini mtu ahangaike na mkanda zama hizi za simu. Picha ya sentimita 6 kwa 6 ina eneo zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya mkanda wa kawaida wa milimita 35. Ukiikuza, kila kunyanzi la uso wa mzee linaonekana. Hilo halina ubishi. Swali ni kamera ipi itafika salama.

Mamiya RB67 ni nzuri sana, lakini pamoja na lenzi yake inapita kilo mbili na nusu. Ibebe kwenye bodaboda kutoka Tarime mjini, upite Nyamongo hadi Mugumu, halafu uniambie mgongo unasemaje. Agfa Isolette ya kukunja inaingia mfukoni na bei yake si mbaya, ila ile sehemu inayokunjika ikizeeka hutoboka, mwanga ukaingia, picha zikaungua. Holga ya plastiki ni ya kuchezea. Kwa kazi ya habari siiamini.

Mimi nachagua Yashica-Mat, kamera ya macho mawili: jicho la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Uzito ni kilo moja na kidogo. Lenzi haibadilishwi, kwa hiyo vumbi letu halipati mlango. Ile ya 124G, iliyotengenezwa kuanzia 1970 hadi 1986, ina kipima mwanga cha betri, na betri ikifa kamera inaendelea kupiga. Jua likiwaka, kwa mkanda wa ISO 100 weka f/16 na 1/125 ya sekunde, utakuwa salama. Kabla hujalipa, mulika lenzi kwa tochi uone kama ina kuvu, kisha fyatua kwa sekunde moja usikilize kama haikwami.

Naomba nieleweke: kamera hii haitakuletea simba. Lenzi yake ya milimita 80 haivuti mbali. Kama unafuata nyumbu wakivuka Mto Mara kule Kogatende, beba dijitali.

Lakini hoja yangu kubwa si ya simba. Kijiji kimoja nje ya Mugumu nilitoa kamera ya dijitali, mzee mmoja akanikatalia. "Nyie mnapiga, mnaondoka, picha hatuzioni." Nilinyamaza, maana hata mimi nina deni katika vijiji ambavyo sijarudi. Nikairudisha, nikatoa Yashica. Akacheka: "Mura, hii bado ipo?" Akaingia ndani, akatoka na picha ya mraba, nyeusi na nyeupe, yeye na marehemu mkewe studio huko Musoma. Ndiyo picha pekee ya mama yule aliyobaki nayo.

Nikainama, maana kamera hii unaitazama kwa kuinama kama unayemwamkia mtu. Nikapiga moja. Ukiwa na picha 12 tu kwa mkanda, unauliza jina kwanza, halafu ndiyo unafyatua. Baada ya miezi miwili nikampelekea ya kwake. Siku hiyo ndiyo alinieleza habari niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo.

Kwa hiyo rafiki yangu, igawe bajeti yako. Nusu iwe ya kamera. Nusu nyingine iwe ya mkanda, dawa za kusafishia (nyeusi na nyeupe unasafisha mwenyewe nyumbani), kuchapisha picha, na nauli ya kurudi kuwapa wenyewe. Kama nauli hiyo haimo, kamera yako bado ni ghali mno.

Naomba kutoa hoja.